Mara Saba, Moja kwa Udongo

Kilichonitisha mwanzo hakikuwa damu, kilikuwa mkojo. Niliukuta asubuhi nyuma ya nyumba, juu ya mchanga, rangi ya chai kavu iliyokaa motoni mpaka ikakolea. Nikadhani kuna mtu amemwaga chai. Kisha nikakumbuka kwamba katika nyumba hiyo hakuna mtu mwingine ila mimi, na mimi sikuwa nimepika chai. Nikazunguka banda nikamkuta mbwa amelala ubavu, macho wazi, weupe wa macho umekuwa manjano. Nikamwita. Akapiga mkia chini mara moja tu, basi.

Niseme mapema kwamba sikumpenda yule mbwa. Alikuwa wa baba. Baba alimfuga kwa ajili ya kima, maana shamba letu liko mwisho wa kijiji, si mbali na Mtambile, na asiyekuwa na mbwa huku hupanda muhogo kwa ajili ya kima, si kwa ajili yake. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake katika dini, hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyemsema baba. Alipofariki nilirithi nyumba, miti kumi na kitu ya mikarafuu, na mbwa. Jina hakuwa nalo. Baba alikuwa akimwambia "Njoo", naye mbwa akaamini kuwa Njoo ndilo jina lake. Nikimpa chakula, namwagia kwenye bati lake nikiwa nimesimama mbali. Nikimgusa, namgusa mkono mkavu na manyoya makavu, maana kikavu kwa kikavu hakina tatizo. Mate yake ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo; nilikuwa nayakimbia kuliko nyoka.

Basi asubuhi ile nilikwenda shule nikasomesha vipindi viwili sijui nasema nini. Wanafunzi walinitazama tu. Mapumziko yalipofika nikampigia simu afisa mifugo, dada mmoja wa Unguja aliyehamishiwa huku Pemba, ambaye sote tulimwita dokta. Akaniambia yeye kazi yake ni ng'ombe na mbuzi. Nikamwambia najua. Akasema, "Mwalimu, nina ndama wa kumtazama huko kwenu leo. Nitapita."

Alipita. Akamfunua mbwa mdomo, akanionyesha fizi. Fizi za mbwa mzima ni nyekundu za kupauka, kama ulimi wako mwenyewe. Hizi zilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Akatoa damu mguuni, akaweka tone moja kwenye kigae cha kioo, akatia tone la maji ya chumvi, akakiinamisha juani kushoto na kulia. Damu haikuenea. Ilijikusanya vipunje vipunje kama maziwa yaliyokatika.

"Unaona hivi?" akaniuliza.

Niliona, na sikutaka kuona.

Akanieleza kwa upole, nami nitaeleza kama nilivyomwelewa. Kila mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Askari wa mbwa huyu walikuwa wamemgeukia mwenyewe. Wameziona chembe zake nyekundu za damu kuwa ni adui na wanazivunja kila saa. Ile rangi ya mkojo ndiyo damu iliyovunjwa. Pengine kupe walianzisha, pengine hapana. Alichukua damu nyingine akaenda kuitazama kwa hadubini ofisini kwake, na jioni akanipigia kwamba viini vya kupe hakuviona, ila atampa dawa ya kupe hata hivyo, pamoja na dawa yenyewe.

Dawa yenyewe ilikuwa prednisolone, vidonge vidogo vyeupe ambavyo marehemu mama alikuwa akimeza kifua kikimbana. Steroidi. Kazi yake ni kuwalaza wale askari. Sita kwa siku, na chakula. Siku ile mbwa alikuwa amebakiwa na damu theluthi ya ile anayotakiwa awe nayo, na dokta hakunificha: huenda asifike Ijumaa.

Kisha akasema jambo ambalo alinifanya nilirudie, kama mimi ninavyowafanya wanafunzi wangu warudie. Dawa hii haikatwi ghafla. Mbwa akipona, utamshusha, lakini kidogo kidogo, kwa miezi, na kila unaposhuka damu ipimwe kwanza. Sababu ni mbili. Ukiwaamsha wale askari ghafla, wanarudi kwa hasira. Na ya pili, mwili wenyewe huwa na steroidi yake unayoitengeneza. Ukiuletea kutoka nje kila siku, unaacha kutengeneza, unasahau. Unahitaji muda ukumbuke. Ukikata dawa kabla haujakumbuka, mbwa anaanguka tu.

"Rudia, mwalimu."

"Nisikate ghafla. Nisishuke bila wewe."

"Na uandike. Kila siku, vingapi, saa ngapi."

Nikafungua daftari jipya la shule, nikapiga mistari kwa rula. Mimi mtu wa kupiga mistari.

Hakufa Ijumaa. Nilikuwa nikiamka alfajiri, nasali, natoka na roho juu mpaka bandani, na kabla sijafika nasikiliza kama kuna pumzi. Dokta alinipa kiboksi cha glavu, nikawa navaa, namfunua mdomo, natazama fizi. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe iliyochanganyika na kitu. Siku ya tisa nikaona uwekundu kidogo pembeni, penye jino kubwa, nikakaa chini pale pale na kanzu yangu ya kwendea shule. Nililia. Nilijishangaa, maana baba mwenyewe nilimlilia nikiwa nimejificha chooni, na hapa nalia mbele ya mbwa.

Ndipo nilipojua kuwa nampenda, na ndipo hofu ilipoanza hasa. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kama mtu anayeogopa ajali barabarani. Baada ya hapo niliogopa kama mwenye kitu cha kupoteza.

Damu ikapanda. Dokta akapima, akapima tena, akafurahi kwa namna yake ya kutofurahi sana. Baada ya mwezi na siku kadhaa tukashuka kutoka sita hadi vinne na nusu. Kwa siku tatu baada ya kushuka sikula vizuri. Kila mkojo wake niliufuata kama mpelelezi. Ukawa safi. Akaniambia tutakaa hapo hapo kwenye vinne na nusu mpaka katikati ya Ramadhani, atakuja kupima, tukiona sawa tunashuka tena.

Ila kuna jambo la dawa hii ambalo sijalisema, nalo ndilo lililoniangusha. Inaleta njaa. Si njaa ya kawaida ya mbwa. Alikunywa ndoo nzima ya maji akakojoa kila mahali, na akala kila kitu: machicha ya nazi, kipande cha sabuni, kamba ya kufungia mbuzi, ndara yangu ya kushoto. Tumbo likamtoka huku mgongo umekonda. Nilimfunga, akatafuna kamba. Nilimfunga kwa mnyororo, akalia mchana kutwa mpaka nikaona haya, nikamfungulia.

Jirani yangu ni bi kizee anayeishi peke yake upande wa pili wa ua wa makuti. Watoto wake wako bara. Mtu wa maneno machache, wa ibada, ambaye tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikimwogopa kidogo. Ana chungu kimoja cha udongo alichoachiwa na mama yake, na muhogo wa futari haupiki kwenye chombo kingine. Anasema sufuria inaharibu nazi.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa Ramadhani, baada ya alasiri. Niko jikoni nakuna nazi, nasikia mlio wa chombo kuburuzwa, kisha sauti ya jirani ikisema, "Ooo! Ooo!" bila ukali, kama mtu aliyemwona kuku juu ya meza. Nilitoka mbio. Mbwa alikuwa ameingiza kichwa mpaka masikioni ndani ya kile chungu, mkia unacheza. Samaki wa nazi wa mwanamke aliyefunga, muhogo wake, kila kitu. Alipokitoa kichwa alikuwa mweupe wa tui mpaka machoni.

Ningeweza kuzama ardhini. Nikamfukuza, nikaanza kuomba radhi, maneno yananikatika. Bi alininyamazisha kwa mkono. Akamwaga kilichobaki shimoni. Akachota udongo penye mgomba, akautia kwenye chungu pamoja na maji, akasugua.

"Moja," akasema.

Akamwaga. Akatia maji. "Mbili."

Nilisimama pale mpaka saba. Hakuna hata neno moja la lawama alilonitamkia. Angenitukana ningepumua. Kila namba ilinipiga usoni. Nikampelekea futari yangu yote kwenye hotipoti. Alipokea, akasema Mwenyezi Mungu akulipe, akafunga mlango. Mimi nilifungua saumu kwa tende na maji na aibu.

Sasa sikiliza nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri, sikukurupuka. Nilijiambia: njaa ni ya dawa. Mbwa ameshapona, fizi ni nyekundu, anakimbiza kima mpaka kwenye mikarafuu. Dokta anakwenda polepole kwa sababu ni mtu wa tahadhari na hakai jirani na mtu yeyote anayepika. Na Ramadhani yote iko mbele. Kesho atatia kichwa kwenye chungu cha nani? Cha imamu? Kesho yake asubuhi nikampa kimoja na nusu. Kutoka vinne na nusu hadi kimoja na nusu, hivi hivi, kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai.

Na kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika vinne na nusu.

Sijui kwa nini niliandika vile. Hapana, najua. Sikutaka dokta anione mjinga, na mwalimu akiona haya anakuwa mwongo hodari kuliko mwanafunzi yeyote.

Na mambo yakatulia! Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Siku ya nne njaa ilipungua. Siku ya sita aliacha kulia. Siku ya saba alikaa bandani mchana mzima, hakwenda kwa jirani, hakwenda popote, maji ya ndoo yakabaki. Bi alinikuta kisimani, akasema, "Nbwa wako siku hizino katulia, mashaallah." Nikavimba kichwa. Nikaitikia kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Niliporudi nikawaona kima watatu wamekaa juu ya mgomba wangu wanamenya ndizi bila haraka, na mbwa anawatazama kwa mbali, kichwa kwenye miguu. Nikawatupia jiwe. Sikuona nilichokuwa nakitazama.

Glavu zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kumtazama fizi kila siku. Hilo nalo.

Asubuhi ya siku ya tisa niliukuta mkojo. Rangi ile ile.

Nikavaa glavu za mwisho, nikamfunua. Nyeupe. Ulimi mweupe. Alikuwa anahema kwa tumbo, na nilipomwinua alisimama, akayumba, akakaa. Nikampigia dokta. Alikuwa kazini, nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Umempa vingapi, mwalimu?"

"Vinne na nusu," nikasema. "Kama ulivyoniambia."

Niko kwenye saumu. Ulimi wangu mkavu, sijaweka chochote tangu daku, na uongo ukatoka ukiwa laini.

Akasema kwa sauti ya chini, "Basi dawa imeshindwa. Kama amerudi akiwa kwenye vinne na nusu, maana yake steroidi haimshiki tena." Akaniambia kuna dawa nyingine kali zaidi, lakini haipo Pemba, huenda Dar es Salaam ipatikane, na siku za kusubiri mbwa hana. Njia iliyobaki ni kumpumzisha kwa sindano, asiteseke. Akasema atakuja baada ya adhuhuri, na nimwandalie mahali pa kivuli.

Nilikata simu nikabaki nimeishika. Sikuomba ruhusa shule, sikwenda tu. Nilikaa na mbwa bandani, mgongo wangu kwenye mti wa banda, naye ameniwekea kidevu juu ya mguu. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi. Si kifo tu. Niliogopa kwamba atakuja mtu mwenye sindano, amuue mbwa kwa sababu ya mstari mmoja kwenye daftari langu, na mimi nisimame pale nimeshika kichwa chake nikiwa najua. Na niliogopa pia, naona haya kusema, kuonekana. Hofu mbili zilikuwa zinapigana, na kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri sikujua ipi itashinda.

Dokta alifika na mkoba. Hakuniangalia usoni, watu wa kazi hiyo nadhani hawaangalii. Akaomba daftari. Akafunua ukurasa wa mwisho, akafuata kwa kidole: vinne na nusu, vinne na nusu, vinne na nusu, asubuhi saa moja, asubuhi saa moja. Mistari ya rula. Akalifunga, akaanza kufungua mkoba.

"Dokta," nikasema. "Daftari hilo la uongo."

Akasimama.

"Nilimpa kimoja na nusu. Siku tisa. Niliona haya kwa jirani, nikamshusha mwenyewe. Dawa haikushindwa. Mimi ndiye."

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Alinitazama. Nilimjua kuwa mtu mpole. Siku ile nilimwona mwingine.

"Mwalimu," akasema, "mtoto akikuibia jibu unampa sifuri. Wewe umeniibia. Nilikuwa namuua huyu kwa mkono wangu!" Sauti ilimpanda. "Kwa mkono wangu, mimi, halafu ungeniambia ahsante!"

Alifungua mkoba, akatoa sindano, nami nikakikumbatia kichwa cha mbwa. "Hii ni steroidi," akasema kwa hasira. "Hana nguvu ya kula vidonge." Akamdunga. Akaniambia tunarudi mwanzo, vitano asubuhi kesho akiweza kumeza, hapana, sita, aliweka hesabu mwenyewe kwa kidole hewani, ndiyo, sita. Kila kitu mwanzo. Na hakuahidi chochote. Alipokuwa anapanda pikipiki akageuka: "Ungejua unavyonipunguzia kazi kwa kusema kweli. Habari mbaya ni wewe, na wewe unatibika."

Sijui kama alikusudia mzaha. Mimi sikucheka.

Siku mbili zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka jirani alikuja ua wa nyuma alasiri ya kwanza, akanikuta nimekaa chini kando ya mbwa, macho yamevimba. Akauliza kuna nini. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamweleza yote: maradhi, dawa, njaa ya dawa, chungu, na nilichofanya.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Kwani mie nilikwambia upunguze?" akauliza.

"Hapana, bi. Ila niliona vile ulivyokuwa ukikosha…"

"Nilikuwa nakosha chungu." Aliniangalia kama ninayemtia wasiwasi. "Mara saba, moja kwa udongo, kishasafika. Basi. Ndo maana twaambiwa saba, ili ntu ajue pa kwisha. Weye ulikuwa wahesabu nini huko kwenye ua?"

Miaka yote hiyo nilisoma sheria ile na kuisomesha, na nilidhani ni sheria ya karaha. Kumbe kwake ilikuwa ni sheria ya kumaliza. Alishamaliza siku ile ile, kabla ya magharibi, akapika muhogo mwingine kwenye chungu kile kile. Mimi ndiye niliyekuwa naendelea kukosha.

Akainama akamtazama mbwa. "Akirudi kwenye dawa atakuwa na njaa tena?"

"Njaa kubwa, bi. Kuliko ile."

"Haya."

Siku iliyofuata mbwa alimeza vidonge ndani ya tonge la ugali. Siku ya nne mkojo ulipauka. Siku ya saba au ya nane, alasiri, niliona kwenye pembe ya ua, upande wangu, kifuu cha nazi kimejaa maganda ya muhogo uliochemshwa, vichwa vya dagaa na machicha. Hakikuwa na maelezo. Mbwa alikila mpaka kifuu kikang'aa. Kesho yake kikajazwa tena. Njaa ikirudi, na ilirudi kweli, ilikuwa inajua pa kwenda, na jiko la bi halikuguswa tena.

Tukaanza kushuka upya. Sita, kisha vinne na nusu, kisha vitatu na nusu, na kila mara dokta anakuja na kichupa chake cha damu kwanza, na kila mara nikiambiwa "haya, shuka", nairudia hesabu mbele yake. Watu hudhani hofu iko pale mgonjwa anapozidiwa. Kwangu ilikuwa hapa, mbwa akiwa mzima, dokta ametabasamu, na mimi nashika kisu cha kukatia kidonge nusu. Nilikuwa nakikata juu ya kigae cheupe ili hata unga wake nisiupoteze. Siku tatu za kwanza baada ya kila kushuka nilikuwa mtu asiyefaa kuongea naye. Mkuu wa shule aliniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, nikamwambia yupo, nikashukuru kwamba hakuuliza ni nani. Daftari nililichana, nikaanza jingine. Hili halina mistari ya rula na limeingia tui ukurasa wa tatu, lakini kila kilichoandikwa humo ndicho nilichompa.

Miezi ikapita. Ikaingia msimu wa karafuu, uwanja ukajaa majamvi ya kuanikia, na mbwa alijifunza upya kuzunguka pembeni. Kimoja. Nusu. Nusu siku moja, siku ya pili bila. Hapo ndipo dokta aliponiambia mwili wake sasa unakumbuka kazi yake, au tunatarajia unakumbuka. Lile "tunatarajia" nililala nalo wiki nzima.

Juzi, alasiri, nimetoka shule, ni siku ya bila dawa. Ninaanika karafuu. Namsikia bi ananiita kutoka penye ua, na sauti yake si ya kawaida.

"Mwanangu. Nbwa hajala."

Nikageuka. Kifuu kilikuwa kwenye pembe yake, kimejaa. Muhogo, vichwa vya dagaa, vyote vipo, inzi juu yake. Mbwa alikuwa amelala kando, ametulia.

Ametulia. Neno lile lile. Niliona siku tisa zile zote kwa mara moja: maji yaliyobaki kwenye ndoo, kima juu ya mgomba, mimi kisimani nimevimba kichwa. Niliangusha ungo, karafuu zikamwagika mchangani. Glavu mpya ziko ndani, kabatini, na sikuzikumbuka hata kidogo. Nilipiga magoti, nikamshika taya kwa mkono mtupu, nikatia vidole nyuma ya mdomo, nikafunua. Mate yake yalikuwa ya moto. Nilibonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, nikaachia, nikangoja.

Ukarudi. Mwekundu. Haraka.

Nikabonyeza tena, upande wa pili. Ukarudi. Nikatazama jicho, jeupe. Nikatazama mchanga nyuma ya banda. Mkojo ulikuwa wa kawaida, wa mbwa. Naye Njoo akanitazama kwa mshangao, akanyoosha miguu, akainuka bila kuyumba, akanusa kifuu, akala kichwa kimoja cha dagaa kwa adabu, kisha akaondoka zake kwenda kubwekea kitu kwenye mikarafuu.

"Ana nini?" bi akauliza.

"Hana kitu," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba. "Ameshiba."

Kwa miezi mingi hakuwahi kushiba. Njaa ya dawa ilikuwa imemtoka, na nilikuwa karibu kufa kwa hofu kwa sababu mbwa ameacha chakula kama mbwa mwingine yeyote.

Nilibaki nimepiga magoti, mkono umelowa mate mpaka kwenye kiganja, naangalia vidole vyangu. Bi alipita kwenye upenyo wa ua, polepole, maana magoti yake nayo si mazima. Alikuwa na kata ya maji mkono mmoja. Akachota udongo penye mgomba kwa mkono wa pili, akautia kwenye kiganja changu, akamimina maji juu yake.

"Sugua," akasema. "Moja."

Nikasugua.

"Mbili."

Nilikuwa nalia, naye akaniacha nilie, ila hakuacha kuhesabu. Alipofika saba akakung'uta kata, akaigeuza chini kuonyesha kwamba maji yamekwisha.

"Basi," akasema. "Sasa zoa karafuu zako."